Mkono wa Mzee Ielemia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji cha Saleuta. Waheshimiwa wakuu wa koo, kila mmoja ameegemea nguzo ya cheo chake. Mchungaji wetu na mama mchungaji. Kamati ya akina mama, ambao harufu ya tanuri lenu la mawe imekuwa ikitutesa tangu saa sita. Ndugu zetu wa mjini Apia, na ninyi mliopanda ndege kutoka Auckland na masanduku mazito kuliko ninyi wenyewe. Na ninyi wa nyuma mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimewaishia: nawasalimu nyote kwa unyenyekevu, na wa sakafuni nawasalimu mara mbili.

Filamu mpya imekwisha sasa hivi. Nawaona mnafuta macho, na wengine mnajifanya ni jasho. Ratiba iliyobandikwa mlangoni inasema kwamba mwongozaji, yaani mimi Fiapaipai, mzaliwa wa nyumba ya tatu kutoka kanisani, atatoa shukrani kwa dakika tano, kisha tule. Dakika tano hazitanitosha. Taro, magimbi yetu ya tanuri, zitapoa. Nisameheni kwa hilo kwanza, kwa kuwa ndilo kosa langu dogo kuliko yote.

Kuna kiti kitupu safu ya mbele. Mara mbili mtu alitaka kukikalia, na mara mbili akina mama wakamwinua. Ni kiti cha Mzee Ielemia. Nilimwalika kwa barua, nikamwalika kwa mdomo, na leo alfajiri nikamwalika kwa magoti. Hajaja.

Mnakumbuka, miaka ishirini na moja iliyopita, kwenye ukuta huu huu, tulivyoonyesha filamu ya kwanza? Mnakumbuka jinsi tulivyobanana? Kimbunga kinakuja. Mkuu wa kijiji ndani ya filamu, Masoe, mzee wetu mpenzi, anakimbia kwenye mvua akiwa na watoto wawili mgongoni, anapiga kelele: "Piga, Tavita! Piga!" Na Tavita, mpiga kengele, amesimama chini ya mshelisheli mbele ya ule mtungi wa gesi mtupu ambao ndio kengele yetu, nyundo mkononi, mkono juu. Mkono unasimama. Haupigi. Watu kumi na mmoja hawaamki kwa wakati.

Mlizomea. Nilikuwa nimesimama pale pembeni ya mlango, nikasikia ukumbi mzima ukimzomea Tavita, na sitawaficha, nilifurahi. Nilijiambia, Fia, umefaulu.

Na Tavita alikuwa nani? Alikuwa Ielemia. Nilimchagua kwa sababu moja tu: ndiye aliyekuwa mpiga kengele wetu wa kweli. Nilitaka mkono unaojua nyundo. Kwa miaka ishirini na minne yeye ndiye aliyetuita kila jioni kwenye sala, na kengele yake ilipolia hata magari yalisimama barabarani. Jioni aliyomzika mkewe alitoka kaburini na udongo kwenye miguu, akaenda akapiga, kisha akaenda kulia. Nani hapa aliwahi kuisubiri kengele ya Ielemia ikachelewa? Nyosha mkono. Nasubiri.

Basi mtu ambaye hakuwahi kukosa kupiga, mimi nilimpa kazi ya kucheza mtu asiyepiga. Nikaona ni akili nyingi. Mgeni kutoka ng'ambo asingeweza kufanya kosa hilo, kwa sababu asingemjua. Ilihitaji mtoto wa hapa hapa.

Mwezi haukuisha watoto wakaanza kumfuata na makopo, wanainua vijiti, wanasimamisha mikono hewani, wanacheka. Watu wazima wakachukua mchezo. Dukani aliulizwa, "Mzee, leo utapiga au utatuacha tufe?" Ilikuwa utani. Tunapenda utani sana sisi. Kisha jioni moja upepo ulivuma kidogo, mama mmoja akasema anaona vibaya nyundo kuwa mikononi mwa yule, na mwaka uliofuata nyundo ikapewa mtu mwingine. Hakuna aliyetaja filamu. Ilisemwa kwamba Ielemia amechoka. Alikuwa na miaka arobaini na tisa!

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona umekunja mikono. Silaumu Baraza. Wakati ule hukuwa umekaa kwenye nguzo hiyo ya uenyekiti, na mimi si mtu wa kuliambia Baraza la kufanya. Baraza letu ni lenye busara, na sifa yake kubwa ninayoijua mimi ni kwamba halijawahi kuona aibu kulizungumza jambo mara ya pili.

Ninayemlaumu ni huyu anayesema nanyi.

Siku tuliyopiga picha ya mkono, Ielemia aliniita pembeni. Akaniuliza, "Fia, huyu Tavita mbona hapigi?"

Nikamjibu, "Ni mwoga, mzee. Simama tu, kamera itafanya kazi."

Akatikisa kichwa. "Mwoga hukimbia, binti yangu. Huyu amesimama."

"Basi amesimama kwa nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyemtunga. Lakini usimwache mtu amesimama hivyo bila sababu, watu wataweka sababu yao."

Nilikuwa na haraka, jua linazama. Nikamwambia afanye apendavyo. Akakaa chini ya mshelisheli, akaanza kusema na ule mtungi kama Tavita, kuhusu siku nyingine, miaka mingi nyuma, alipopiga kwa kuamriwa, watu wakakimbilia mahali alipowaita, na mahali pale ndipo walipofia. Maneno hayo hayakuandikwa popote. Aliyatoa kichwani mwake. Mshika kamera alilia mpaka picha ikatikisika. Dakika nne.

Nilizikata. Filamu ilikuwa ndefu, na nilijua kwamba mtu mbaya asiye na sababu huchukiwa vizuri zaidi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikaa kwenye kiti Auckland, nikanywa kakao yangu, nikazikata.

Filamu mliyoiona leo imeota kutoka kwenye dakika hizo nne. Mmemwona Tavita akiwa kijana. Mmemwona Masoe, huyo huyo mpenzi wetu, akimwamuru apige ili watu wakusanyike kanisani, kwa kuwa alitaka wahesabike mbele ya mgeni wake, na mmeona paa likianguka. Mmemsikia akimwambia kijana, "Sema ulipiga mwenyewe, hukuamriwa." Na kijana akasema hivyo, akaishi nalo.

Sasa niwaulize. Mtakapokumbuka Masoe anakimbia kwenye mvua akisema "Piga, Tavita!", mtasikia sauti ile ile mliyoisikia zamani? Sikugusa picha hata moja ya filamu ya kwanza. Mvua ni ile ile, watoto mgongoni ni wale wale, mkono ni ule ule. Ninyi ndio mmebadilika, na mmebadilika kwa saa moja na nusu, mmekaa tu.

Tulipoijaribisha kule Auckland, shangazi mmoja alinishika kanzu mlangoni akaniambia, "Wewe mwanamke, mimi nimemchukia yule mtu kwa raha zangu miaka ishirini na moja. Sasa unataka nimchukie nani?" Mwingine akanigombeza kwa ajili ya Masoe. Alisema wimbo wa Masoe wa kwenye filamu ya kwanza uliimbwa kwenye harusi yake, na kwamba nimeingia nyumbani kwake nikamchafulia picha ya ukutani. Nilimpa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli. Je, nina haki ya kurudi nyuma na kugeuza kile ambacho watu wamekipenda? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na leo nawaletea ninyi pamoja na taro.

Lakini kuna swali baya zaidi, na nimelipata leo asubuhi.

Kabla jua halijachomoza nilikwenda mbele ya nyumba ya Ielemia pamoja na mjomba wangu, mkuu wa ukoo wetu, kama ambavyo sote tunajua inavyofanywa. Tulibeba kuni, majani na mawe ya tanuri, ndiyo kusema mkosewa akitaka atuoke. Tulikaa chini kwenye kokoto, tukajifunika ule mkeka laini wa ukoo ambao bibi yangu aliusuka kwa miaka miwili. Mkosaji hukaa hapo mpaka mkosewa atoke na kuondoa mkeka. Asipotoka, hajasamehe, ndiyo hivyo. Jua lilipanda. Kuku walitupitia. Ndani nilimsikia akikohoa, kwa hiyo nilijua yuko macho.

Saa nne binti yake Litara akatoka. "Shangazi, inukeni, jua litawaua."

"Baba yako amesema nini?"

"Amesema mkeka wenu ni mzuri."

"Hilo tu?"

"Ameuliza kama mmeleta kuni na mawe. Nikamwambia mmeleta. Akasema, hata kwenye filamu huwa wanaleta."

Kisha Litara, ambaye nilimbeba akiwa mchanga, akachuchumaa, akaniambia polepole chini ya mkeka: "Shangazi, wewe umemsafisha Tavita. Tavita si mtu. Baba yangu hakuwahi kuacha kupiga hata siku moja. Unamtafutia sababu ya kosa gani?"

Nimetumia miaka mitatu kumtengenezea udhuru mtu wa kutunga, huku mtu mwenye nyama na damu akikaa mita mia mbili kutoka hapa, akiisikia kengele ikipigwa kila jioni na mkono usio wake. Mjomba akasema tusubiri. Tukasubiri mpaka saa sita, nikalazimika kuja kuwafungulia ukumbi. Mkeka haukuondolewa. Ninao hapa, huu. Nimekuja nao begani, na kwa sheria ya kwetu mimi bado niko chini yake.

Ndugu zangu, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kusema...

Subirini.

Msigeuke wote kwa pamoja, mtamtisha. Litara, mpishe apite. Wa sakafuni, kunjeni miguu.

Karibu, Mzee Ielemia. Kiti chako ni hicho.

Hakai. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba radhi, hii haimo kwenye ratiba. Mzee, unasemaje? Sema kwa nguvu, wa nyuma hawasikii. Basi sema nami, nitawapelekea.

Anasema alikuwa nje, nyuma ya ukuta, tangu mwanzo wa filamu. Anasema ameisikia yote.

Anasema asanteni kwa machozi, lakini machozi hayo ni ya Tavita.

Mzee, unataka nini? Mbele ya watu wote nakuuliza, na lolote utakalosema nitalifanya.

Anasema... ngoja niliseme kama alivyolisema. "Iwekeni ile ya zamani. Sikuja kuangalia. Nimekuja kuwaangalia wao wakiiangalia."

Mmesikia? Sasa anafanya nini? Anageuza kiti. Mwacheni, msimsaidie, ana nguvu zake. Amekigeuza, amekipa ukuta mgongo, amekaa. Anawatazama. Kuna mtu atakayeweza kumtazama na yeye? Jaribuni.

Fetu, fundi wangu, ile ya zamani ipo kwenye mashine? Ipo. Akina mama, funikeni chakula, nawaomba. Mchungaji, najua saa. Sasa ni saa kumi kasoro. Filamu ni ya saa moja na dakika hamsini. Itakapokwisha itakuwa karibu na sala ya jioni, na kengele itahitaji mkono. Nyundo nimeiona mezani kwa Baraza. Naishia hapo.

Nawashukuru wote mliotoka mbali na mliotoka karibu. Nawashukuru akina mama kwa moshi wao, na vijana kwa kubeba viti, ingawa mlibeba vichache. Namshukuru Litara kwa ukali wake. Na wewe, Mzee Ielemia, namshukuru Mungu kwamba umeingia kwa mlango huu, hata kama hukuja kunisamehe.

Mimi sitaiangalia filamu yangu. Naenda kukaa sakafuni, mbele ya miguu yake, na kujifunika mkeka huu. Sitaona kitu. Nitasikia tu. Nitasikia mvua ikianza, nitamsikia Masoe akiita "Piga, Tavita!", na nitajua kwamba mkono umesimama ukutani juu ya kichwa cha mwenye mkono. Miaka ishirini na moja iliyopita, hapo hapo, mlizomea. Leo yeye atawaona, na mimi nitawasikia.

Asanteni kwa kunivumilia na njaa zenu. Fetu, zima taa.