Blues na Roki kwenye Treni ya Nanyuki

Treni ilipoondoka Karatina, Wakiuru aliacha kushona akatega sikio, maana watu wawili waliokaa mbele yake walianza kubishana kabla hawajamaliza kusalimiana. Mmoja alikuwa Moffat, mpiga gitaa wa barabarani kule Nyeri, aliyekuwa akienda kujaribiwa katika hoteli moja Nanyuki. Mwingine alikuwa Mamta, mwenye duka la vitambaa kwenye barabara hiyo hiyo, mama wa makamo aliyependa roki kuliko chai.

"Hiyo hoteli yako inataka roki," Mamta alisema. "Wewe unapiga blues tu. Hiyo ni muziki ya mtu ameachwa na bibi."

"Mama, roki ilizaliwa na blues," Moffat akajibu. "Ni mtoto tu alijifunza kupiga kelele."

"Basi mimi napenda mtoto. Mama yake akae nyumbani."

Moffat akamwuliza ni wimbo gani wa roki anaoupenda zaidi, kisha akaupiga polepole, akizivuta nyuzi mpaka zikalia. Mamta alitazama mashamba dirishani, akapangusa macho, akasema ni vumbi. Wakiuru, ambaye hakuliona vumbi lolote, aliinamia sindano yake asije akacheka.

"Umeiharibu," Mamta alisema hatimaye. "Hiyo wimbo nimeruka nayo tangu nikiwa msichana."

"Sijaongeza kitu, mama. Nimepunguza mwendo tu."

Treni ilisimama Nanyuki wakiwa bado wanabishana. Mamta akasema atamsindikiza hotelini, lakini akipiga hivyo tena, yeye atatoka nje.

"Na ukitoka?" Moffat akauliza.

"Nitasikilizia mlangoni."