Lebo za Stoo ya Dawa

Treni ya jioni ilikuwa na nafasi tele, lakini dada mwenye sare ya stoo ya hospitali ya mjini alikaa karibu na mama mmoja msusi, mbele yangu, akaanza kulalamika kabla hajaulizwa.

"Leo nimechapisha lebo za boksi zote, zile za vistari vinavyosomwa na mashine, kutoka kwenye jedwali la kompyuta. Kumbe nilipanga majina upya, namba zikabaki palepale! Sasa ukimulika boksi la dawa ya presha, mashine inasoma dawa ya kikohozi."

"Umemwambia bosi?"

"Nipoteze kazi? Kesho nitawahi, nizibandue kimyakimya."

"Na wodi ikiomba dawa usiku?"

"Mama, wauguzi husoma jina kwenye boksi lenyewe."

"Hata aliyechoka kama wewe?"

Dada aliinama, akajikanda miguu. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la sabuni.

"Mpigie bosi, mwanangu."

"Simpigii."

"Basi una roho ngumu."

"Nina watoto, mama!"

Treni ikasimama kituo cha mwisho wakiwa bado wanabishana. Dada alishuka akinung'unika kwamba miguu inamuuma, akavuka upande wa pili, akapanda treni ya kurudi mjini.