Maji Niliyomnyima Mchezaji Wangu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nimeomba nizungumze kabla ya chai, maana baada ya chai ningetafuta kisingizio nikaondoka.

Nyinyi mnaofundisha michezo mashuleni na vyuoni, wengi wenu mnanijua kwa lile kombe. Leo nataka mnijue kwa jambo jengine. Sitataja jina la mtu wala la chuo. Mwenye kosa ni mimi, na mimi mnaniona.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo kimoja hapa mjini. Nilisoma mpaka sekondari tu. Wanafunzi wangu walikuwa wananipita kwa vyeti, nami nikaona njia ya kuheshimiwa ni kuogopwa. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, umepasuka kila mahali. Ukianguka unainuka goti halina ngozi.

Mwaka huo Ramadhani iliingia wakati wa joto kali, na baada ya Idi timu ya bara ilikuwa inakuja kugombea kombe nasi. Makocha wenzangu walihamishia mazoezi usiku, baada ya tarawehe. Mimi nilikataa. Yangu yalibaki saa kumi jioni, jua bado linachoma, midomo imekauka. Nilijisifu kwamba timu yangu inakimbia na saumu.

Nilikuwa na mchezaji mmoja, kijana wa Makunduchi, mpole, mkono wake wa kulia haukosei kikapu. Siku hiyo alinifuata pembeni.

"Kocha, n'na homa tangu jana. Daktari kanambia nile, nnywe dawa."

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Homa, au futari ya mama imekulemea?"

Wenzake wakacheka. Nilitaka wacheke.

"Wallahi kocha, kichwa kinanizunguka. Nataka nikafungue."

"Kafungue. Lakini ukishayanywa hayo maji usirudi kwangu. Fulana muachie mwenzako."

Hukumu ya mgonjwa naijua tangu madrasa, ndugu zangu. Mola kamruhusu ale, mimi nikamkataza. Na sikumkataza kwa ajili ya dini, nisije nikaisingizia dini. Nilimkataza kwa ajili ya mechi.

Akaliangalia bomba lililokuwa ukutani. Kisha akaingia uwanjani. Haikupita nusu saa, akaruka kuudaka mpira, akarudi chini kama nguo iliyokatikiwa kamba. Kichwa kikapiga ukingo wa saruji.

Alizinduka hospitali baada ya siku kadhaa. Mkono na mguu wa kulia vimekufa. Na siku ile yote imefutika kichwani mwake, hakumbuki hata kama alikuja uwanjani. Nilipoambiwa kwamba hakumbuki, nawaambieni ukweli, nilimshukuru Mungu.

Nikaandika ripoti. Niliandika kwamba siku ile hapakuwa na mazoezi, kwamba kijana alikuja mwenyewe, mgonjwa, na mimi nilikuwa nimemkataza. Wachezaji niliwaambia, "Anayetaka kucheza na watu wa bara anajua la kusema." Hakusema mtu. Chuo kikaamua kwamba kavunja amri, jina lake likafutwa chuoni. Tukacheza, tukashinda, tukapigwa picha.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu: "Yule kijana ulimkataza kweli?" Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza tena, lakini tangu hapo alikuwa akiniwekea futari anaondoka. Nikishika gilasi ya maji, magharibi imeshaadhiniwa, naiweka chini bila kuyanywa.

Nikaanza kunywa pombe. Naam, mnanisikia vizuri. Mimi niliyemnyima mgonjwa maji. Nikafika uwanjani nimelewa, wanafunzi wakanishika mikono kunitoa. Kazi ikaenda, mke akarudi kwao na watoto. Aliyeniokota ni mwalimu mwenzangu, alinipa chumba cha uani kwake Kikwajuni. Alivumilia matapishi yangu miaka miwili. Nikaacha. Nikadhani nimepona.

Miaka kumi na tatu baada ya siku ile, mwezi wa Shaabani, nilipita Mlandege kutengenezesha redio. Fundi alikuwa amekaa, anafungua skrubu kwa mkono wa kushoto, redio kaibana kwa goti. Akainua uso.

"Shikamoo, kocha!"

Nilishindwa kuitikia marahaba. Mnajua desturi yetu, Ramadhani ikikaribia kila mtu anamwambia mwenziwe tusameheane. Nikaikimbilia hiyo. "Mwanangu, tusameheane."

"Nshakusamehe kocha, wewe huna ulilonikosea. Ukaidi wangu mwenyewe. Mama mpaka leo ananambia, kocha alikukataza, hukusikia." Akacheka. "Njoo Makunduchi Ijumaa, atafurahi kukuona."

Kacheka, jamani. Nilikuwa nimemuibia mkono na mguu, na miaka yote hiyo nikamuachia alipe kwa lawama.

Ijumaa nilikwenda. Mama yake akanitandikia mkeka, akaniletea chai.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa Ramadhani? Tushasameheana."

"Si wa Ramadhani."

Akakiweka kikombe chini. "Basi wa lipi? Litaje."

Nikalitaja. Homa, kicheko, bomba, fulana, ripoti. Mwanawe alikuwa amekaa mlangoni. Nilipomaliza, yule mama hakunitazama mimi. Alimgeukia yeye.

"Mwanangu, miaka kumi na tatu nnakulaumu wewe. Nisamehe mimi." Mama anamuomba radhi mwanawe, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Kisha akaniambia, "Nenda chuoni ukayaandike haya kwa mkono uleule ulioandika uongo. Chai yako usinywe."

Nilikwenda. Nikaandika upya, nikatia saini. Nikawatafuta wachezaji wa siku ile mmoja mmoja. Wawili walilia, mmoja alinitemea mate, na haki yake. Chuo kilimpelekea yule kijana barua kwamba hakuvunja amri yoyote. Mguu barua haikuurudisha. Kaitia kwenye fremu, kaitundika juu ya meza yake ya redio.

Namshukuru mwalimu aliyenipa chumba. Amekaa pale nyuma, hataki nimtazame. Namshukuru fundi wangu, bado ananiamkia. Na namshukuru yule mama kwa kukataa msamaha wa jumla. Mpaka leo hajasema kanisamehe. Kila Shaabani nakwenda, nalitaja upya, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananambia, "Nenda salama."

Walimu wenzangu, Ramadhani imefika mlangoni. Mtakapoombana msamaha, kila mtu alitaje alilolitenda. Na mchezaji akikwambia anaumwa, usiangalie nani anacheka. Mfungulie bomba.