Magari Manne kwa Wiki

Kijiwe chetu kiko ndani ya bustani ya Kessler, pale mto unapopinda chini ya bwawa, kwenye banda la mawe lenye meko na meza mbili ndefu. Ni bustani ya kushinda, si ya kulala: lango linafunguliwa asubuhi na kufungwa jua likizama, iwe Julai, iwe Januari. Wakaaji wa kila siku ni watatu, na sisi wawili. Delbert tunamwita Kalenda, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea asilokumbuka tarehe yake. Orrin ni Sherifu. Aligombea usherifu mara tatu, akashindwa mara tatu, jina likabaki. LaVonne ni Redio, na hilo halihitaji maelezo. Sisi wawili ni Babu Arvid na mimi. Babu alipigwa na kiharusi mwaka juzi majani yalipokuwa yanapukutika, maneno yakamtoka, nami nikaacha shule ili nishinde naye mama akiwa kazini. Kijiweni wananiita Katibu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Jumanne ile tulikuta karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nikawasomea mara mbili, maana mara ya kwanza Redio aliongea juu yangu. Ilisema kwamba kuanzia baridi ijayo lango litafungwa tangu Novemba hadi Aprili, kwa sababu watu wanaokuja ni wachache mno. Hesabu ya majira haya ya baridi ni magari manne kwa wiki. Mwenye maoni aandike ukurasa mmoja kabla ya mwisho wa Februari.

Redio: Manne kwa wiki? Mimi peke yangu nakuja siku sita.

Sherifu: Saba. Jumapili unapita ukitoka kanisani, kuja kutuhesabia waliokosa ibada.

Redio: Na wewe ndiye namba moja kila mara. Kalenda, mimina kahawa, mikono yangu imekufa.

Kalenda: Majira ya baridi yaliyopita nimekosa siku mbili tu. Tarehe kumi na nne Januari, jino. Tarehe tatu Machi, jino lile lile.

Sherifu: Basi wametuita waongo. Katibu, toa karatasi. Tunaandika leo leo.

Nikatoa daftari. Babu alikuwa amekaa upande wa mto kama kawaida yake, blanketi magotini, kikombe katika mkono ule mzima. Nilimtazama kabla ya kuandika. Nyumbani Babu hasemi. Anaonyesha kwa kidole, au ananyamaza tu siku nzima akitazama ukuta. Hapa, mto ukiwa mbele yake na hawa watu wakimbishia kana kwamba hajaumwa kamwe, maneno humjia, moja leo, mawili kesho. Mama wa hospitali anayemfundisha kutamka aliniambia nimpeleke popote maneno yanapompata, nisiruhusu yamalize wiki bila kutumika. Novemba hadi Aprili ni miezi sita. Sikujua tungekaa wapi miezi sita.

Sherifu: Andika hivi. Kwa mheshimiwa anayehusika. Mashine yenu ni mbovu.

— Ile si mashine, Redio akasema. Ni mpira mweusi umelazwa langoni, gari likipita juu yake unahesabu.

Sherifu: Hiyo ndiyo mashine yenyewe. Na baridi ikishuka mpira unakuwa kama jiwe. Unapita juu yake hata hauhisi. Andika: umeganda.

Nikaandika: umeganda.

Redio: Hapana, kama ungeganda usingehesabu hata hayo manne. Tatizo ni kwamba gari likiingia unaongeza moja, likitoka unapunguza moja. Sisi tunaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Tunajifuta wenyewe.

Kalenda: Na hao wanne je?

Redio: Hao bado wako ndani.

Wote wakageuka kutazama msituni. Hata mimi niligeuka kidogo.

Sherifu: Acha mambo yako, mama. Nani anakaa msituni Januari?

Redio: Mimi nimesema tu hesabu ilivyo. Andika, Katibu.

Nikaandika hilo pia, ila niliacha nafasi ya kulikata.

Kalenda alikuwa amenyamaza, na Kalenda akinyamaza huwa anaenda mbali. Akaweka kikombe mezani.

Kalenda: Tatizo si mpira. Mto umehama. Mafuriko ya tarehe kumi na moja Aprili, mwaka ule maji yalipofika kwenye meko haya, kambare akakutwa chini ya meza hii hapa, mto ulikula ukingo wa huku hatua ishirini. Na mpaka wa wilaya unafuata mto. Kwa hiyo lango letu sasa liko wilaya ya jirani. Magari yetu yanahesabiwa huko kwao.

Sherifu: Kwa hiyo wao wana bustani inayojaa magari na hawajui yametoka wapi.

Kalenda: Wanashukuru Mungu tu.

Redio: Kambare huyo alikuwa mkubwa kiasi gani?

Kalenda: Kama Katibu akikaa.

Babu akacheka. Kicheko chake hakikuwahi kuumwa, kiko vile vile.

Ikawa sasa mabishano ya majira. Sherifu alitaka barua iseme kwamba baridi ndiyo wakati hasa wa bustani hii. Wakati wa joto, alisema, huwezi kukanyaga. Watu wa mjini wanakuja na mipira ya matairi, wanajifunga kamba kumi kumi, wanaelea mto mzima na redio zao, na wakifika hapa wanauliza choo kiko wapi kabla hata ya kusema habari.

Redio: Mimi napenda joto. Joto ndiyo nasikia mambo.

Kalenda: Majira ya mchipuko yana mbu na matope. Majani yakigeuka rangi unapata wiki mbili nzuri, halafu upepo wa siku moja unamaliza kila kitu. Tarehe ishirini na mbili Oktoba, kila mwaka, jaribu uone.

Sherifu: Ndiyo nasema baridi. Kote kumeganda, ila hapa chini ya bwawa maji yanakwenda, tai wanakuja kuvua. Juzi nimehesabu kumi na tisa. Sasa jiulizeni. Nani anafaidika lango likifungwa wakati tai wako hapa?

Redio: Nani?

Sherifu: Yule tajiri mwenye nyumba ya vioo ng'ambo. Kanunua nyumba kwa ajili ya tai. Sisi tuko huku na moshi wetu wa kuni, tai wanakaa upande wetu kuota joto. Tukiondolewa, wanahamia kwake.

Kalenda: Tai hawaoti moto, bwana.

Sherifu: Umewauliza?

Redio: Mimi nimesikia anawawekea samaki kwenye paa. Samaki wa dukani, waliokwisha kuparwa magamba.

Sherifu: Unaona? Amewahonga. Na usiku hutuma mtu kufuta namba za kwenye mashine. Andika, Katibu: tai wamehongwa.

Nikasema, kwa heshima, kwamba ukurasa ni mmoja na tayari nimejaza nusu, na sijaona mstari hata mmoja utakaomfanya mtu wa ofisini aache lango wazi.

— Wewe ungeandika nini? Redio akaniuliza.

Nikawaambia ningeandika habari za Babu. Kwamba majira ya baridi yaliyopita alifika hapa hana neno hata moja, na leo anayo arobaini na mawili, nimeyaorodhesha nyuma ya daftari. Sherifu akachokoa moto ingawa haukuhitaji kuchokolewa.

— Hiyo iandike, akasema. Lakini wao wanataka magari. Watasoma, watahuzunika, watafunga.

Hapo ndipo tuliposikia gari. Lilikuja polepole kutoka langoni, dogo, la bluu, likazunguka uwanja wa maegesho mara mbili kabla ya kusimama. Akashuka dada mmoja amevaa koti hadi miguuni, mkononi ana chupa ya kahawa na darubini shingoni. Akatusogelea kwa uangalifu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

— Hamjambo? Naweza kukaa kidogo? Huko nje upepo unakata masikio.

Redio alikuwa tayari amemfutia nafasi kwenye benchi. Kabla kikombe hakijajaa tulijua kwamba anaitwa Bao Vang, amehamia mjini kwetu mwezi uliopita, anafanya kazi zahanati, ndugu zake wengi wako upande wa mji wa La Crosse, hana mume wala hamtafuti kwa sasa, na amekuja kuona tai.

Sherifu: Umekuja wakati mzuri, binti. Mwakani hutawaona. Wanafunga.

Bao: Wanafunga? Kwa nini?

Sherifu: Wanasema hakuna anayekuja.

Akacheka kwa adabu, akitutazama mmoja mmoja.

Bao: Ajabu. Hata mimi nilidhani pamefungwa. Nimezunguka maegesho yote, hakuna gari hata moja. Ninyi mmeingilia wapi?

Redio, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, alifungua mdomo na kuufunga. Kalenda akatazama buti zake. Sherifu akawa anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mkaa.

Nami nilijua jibu kama wao walivyolijua. Sote tunaegesha dukani kwa muuza chambo, nje ya bustani. Kutoka pale ni hatua hamsini, unapita penye pengo la uzio walilokata wavuvi zamani, unatokea nyuma ya banda. Redio hutuchukua Babu na mimi nyumbani kila asubuhi, anaegesha palepale, tunampitisha Babu penye pengo, mmoja mbele mmoja nyuma. Imekuwa hivyo tangu siku ile Kalenda aliponogewa na maongezi hadi jua likazama, lango likafungwa, gari lake likabaki ndani na keki ya siku ya kuzaliwa ya mkewe. Tangu hapo hakuna mtu wa kijiweni aliyethubutu kuingiza gari ndani ya lango. Tulikuja kila siku, na hatukupita juu ya ule mpira hata mara moja.

Bao akadhani hatukumsikia.

— Kuna lango lingine?

Babu akaweka kikombe chini. Nikaona mdomo wake unalitafuta neno, nikashika mkono wake, maana tumeambiwa tusimsaidie kulitafuta.

— Uzio, Babu akasema. Na baada ya kitambo: — Pengo.

La arobaini na tatu, na la arobaini na nne.

Bao: Mnapita kwenye pengo la uzio? Wote? Na magari mnayaacha huko nje?

Kalenda: Tarehe tisa Februari. Miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa keki ya chokoleti.

Hakusema kwa sauti ya kujivunia, kama anavyosema tarehe nyingine.

Bao akawaza, akakunywa kahawa yake, akauliza taratibu, si kwa kutusuta:

— Basi huwa mnahesabiwa vipi?

Sherifu alianza kusema kitu kuhusu mpira kuganda, akaacha katikati. Moto ukapasua kuni. Redio alikuwa anavaa glavu.

— Unakwenda wapi? Sherifu akamwuliza.

— Kuleta gari.

Kalenda naye akasimama, akapapasa mifuko akitafuta funguo. Sherifu akamfuata. Bao akabaki akiwatazama wanavyoelekea penye pengo kwa mstari, wazee watatu, mmoja akimshikia mwenzake tawi la mti.

— Lakini si udanganyifu huo? akawaambia kwa nyuma. Mlishaingia.

Sherifu akageuka, nusu mwili uko ndani ya bustani, nusu uko nje.

— Udanganyifu gani, binti? Tunaingia langoni kama raia wengine. Tumechelewa tu, miaka kumi na moja.

Nilifungua ukurasa mpya. Niliandika kwamba tunaomba radhi, kwamba sisi ni watu watano wa kila siku, na kwamba hesabu yao haikukosea, sisi ndio tuliopita pasipo njia. Kisha nikaandika habari za Babu, mistari sita, na nikaomba waendelee kuhesabu hadi Februari iishe kabla ya kuamua. Bao akasoma kupitia bega langu, akasema ameelewa kila neno. Akaniuliza kama anaweza kutia sahihi, ingawa amekuja leo tu. Nikampa kalamu.

Magari yakaanza kuingia. La kwanza la Redio, akapiga honi langoni ili mpira usipate kisingizio. La pili la Sherifu, polepole, kioo kimeshushwa, akimpungia mkono mtu asiyekuwepo. La mwisho lilikuwa pikapu kubwa ya Kalenda. Yeye hakutaka kuiacha kule maegesho. Alisema safari hii anataka kuiona kwa macho yake hadi dakika ya kuondoka, akaileta mpaka mbele ya banda, upande wa mto, akaisimamisha ubavu ubavu, akazima injini, akaingia akipiga mikono pamoja kwa baridi.

Kwenye benchi Babu akaanza kuhangaika. Alinyoosha shingo kushoto, kulia, akaliinua blanketi kama anayetaka kusimama. Nikainama kumwuliza anataka nini. Akanisukuma kwa kiwiko.

— Delbert, akasema, akapumzika, akavuta pumzi. — Sogeza hilo gari. Sioni mto.

Sikuwahi kusikia maneno matano mfululizo kutoka kwake tangu augue. Redio alishika mdomo kwa mikono miwili. Kalenda alisimama mlangoni na funguo zikining'inia kidoleni, kisha akageuka bila kubisha hata kidogo, akaenda kulisogeza.