Kinyozi Aliyejifunza Kula kwa Kijerumani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Popote mlipo, vuteni kiti. Leo tunamkumbuka kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Ndiyo, Redio. Ukishakaa kwenye kiti chake, hazimwi. Anakunyoa huku anakuuliza. Kwa nini nywele za kisogoni huota haraka? Kwa nini mbwa wa jirani yako habweki? Mteja hutoka kichwa chepesi, mdomo umechoka.

Redio alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya moyo kumsumbua kwa muda mrefu. Alikuwa kinyozi. Alikuwa mgane, baba wa binti mmoja. Na akiwa na mvi zake kichwani, alijifunza Kijerumani. Hakujifunzia darasani. Alijifunzia mezani, saa ya chakula cha mchana.

Binti yake ni muuguzi. Alipata kazi mbali, katika mji ambao watu wake huzungumza Kijerumani, akaolewa hukohuko. Mimba yake ya kwanza ikaja na matatizo. Daktari akamlaza hospitalini, akaamuru asinyanyuke na asitiwe wasiwasi wowote. Mama yake alikwishatangulia mbele ya haki. Basi akampigia simu baba yake.

"Baba, sitaki ufanye chochote. Njoo tu uwe karibu."

Redio akaanza kufungasha. Lakini alikuwa na mteja, mwalimu mstaafu wa Kijerumani. Akamwambia, "Mwalimu, mimi nakunyoa, wewe unanifundisha. Tuanze na chakula."

"Tusianze na sarufi?"

"Sarufi haijaua mtu, mwalimu. Njaa imeua."

Wakaanza. Der Löffel, kijiko. Die Gabel, uma. Das Messer, kisu. Kumbe kwa Kijerumani kijiko kina jinsia ya kiume, uma una ya kike, na kisu hakiko huku wala kule! Redio akasimamisha wembe hewani. "Sasa hao waliokaa wakaamua hivyo, siku hiyo hawakuwa na kazi?" Mwalimu akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Neno alilolishika kuliko yote ni danke. Asante. "Hilo peke yake litanilisha," alisema.

Wasikilizaji wapendwa, neno hilohilo ndilo lililomlaza njaa.

Alifikia nyumbani kwa mama wa mkwe wake. Mama huyo ni mtu wa maneno machache, aproni imekazwa kiunoni. Kule chakula cha moto huliwa mchana. Jioni ni mkate na jibini, basi. Mchana wa kwanza mama alisimama na upawa juu ya sufuria, akamwangalia mgeni.

"Suppe?"

Redio akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Danke!"

Mama akarudisha upawa. Akapita na sufuria yake.

Viazi vikaja. "Kartoffeln?" "Danke!" Viazi navyo vikapita. Redio akabaki na kipande cha mkate, anatabasamu. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Mkanda wa suruali ukaanza kutafuta tundu jipya.

Angemuuliza nani? Mkwe wake alirudi kutoka kazini amechoka, na lugha baina yao ilikuwa ya kubahatisha. Binti alikuwa kitandani, na daktari alishasema asitiwe wasiwasi. Kila alipomuuliza, "Baba, unakula vizuri?", Redio alijibu, "Nakula mpaka najionea aibu."

Moyoni alikuwa ameumia. Mtu aliyeishi kwa mdomo wake, sasa mdomo hauna neno la kusema wala tonge la kutafuna. Alijiambia, huyu mama hanitaki hapa. Akaanza kupanga nguo zake kwenye begi.

Jumapili dada wa yule mama akaja kula. Wote wakakaa mezani. Redio hakuwa na la kusema, basi akakodoa macho. Akaona hakuna anayegusa kijiko mpaka wote watakiane mlo mwema. Akaona sufuria inafika kwa mkwe wake. Mkwe akasema "bitte", yaani tafadhali, akajaziwa. Ikafika kwa yule dada. Dada akasema "danke", na papo hapo akafunika sahani kwa kiganja. Hakuwekewa kitu.

Redio akashtuka. Kumbe ukikaribishwa chakula, danke ni asante ya kukataa!

Akainua sahani yake kwa mikono miwili. "Bitte!" Mama akaganda. Akamtilia upawa mmoja. "Bitte!" Wa pili. "Bitte!" Meza nzima ikaangua kicheko, na mama akageukia dirisha, akajifuta macho kwa aproni.

Mkwe ndiye aliyetafsiri, kwa kubahatisha maneno. Mama alikuwa akisema, "Nilidhani chakula changu kinamtia kinyaa. Kila siku nilibadilisha mapishi. Usiku silali."

Kuanzia hapo wakawa wawili jikoni. Yeye anaonyesha kitu, mama anakitaja, kisha wanabadilishana. Binti akajifungua salama, mtoto wa kike. Redio akakaa huko mpaka mjukuu akaota meno.

Binti yake ameniambia jambo moja ambalo sikulijua. Siku ya msiba, binti akiwa amekuja kumzika baba, yule mama alipiga simu kutoka kule. Alitaka kutoa rambirambi kwa Kiswahili.

"Nikamfundisha aseme pole," anasema binti. "Akaniuliza, mtu akijikata kidole mnasemaje? Nikamwambia, pole. Akichoka? Pole. Akifiwa na baba? Pole. Akashangaa. Neno moja tu, kwa kidole na kwa baba? Nikamwambia, ndiyo, mama, neno moja. Halafu akasema, pole. Hakuongeza kitu, na hakukata simu. Tulikaa hivyo mpaka nikamaliza kulia."

Kwako binti, kwa mume wako, kwa mjukuu, kwa mama yule wa mbali, na kwa wateja wote wa kile kiti: poleni sana.

Nasi wasikilizaji, mchana wa leo tutakapokaa kula, tumtazame aliyekaa kimya mezani. Huenda hajakataa. Huenda bado hajapata neno.

Mungu amlaze pema Redio wetu.