Vifuu vya Nyuma ya Nyumba

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, mwaka ule bei ya katani ilipoporomoka, palikuwa na gogo la mnazi mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, na juu yake watu wasioishiwa maneno. Ame Mpemba aliweka hapo dele lake la kahawa na sinia la kashata za nazi. Alikuwapo Uweso dobi, aitwaye Bwana Pasi kwa kanzu yake isiyojua kukunjamana. Alikuwapo Ernesti wa Muheza, mkata mkonge, mwenye methali nyingi na zote hazina pa kukaa. Na alikuwapo Jaku, fundi wa makuti, ambaye jioni hiyo alikuwa amejaa wivu. Wote walijua sababu. Mzee Kombo alikuwa ametangaza kwamba bintiye Chiku, aliyeachika kwa sababu ya njaa nyumbani kwa mume wa kwanza, safari hii hamwozi mtu wa mdomo. “Nitapita nyuma ya nyumba zenu Ijumaa,” alisema. “Penye lundo kubwa la vifuu ndipo panapoliwa tui. Huyo ndiye mkwe wangu.” Na kesho ilikuwa Ijumaa.

— Uweso, — Jaku alianza, — juzi lundo lako lilikuwa kiunoni. Leo lapita dirisha. Umelisha jeshi?

— Nakula nazi, bwana wee. Wali kwa tui, mchicha kwa tui, chai kwa tui.

— Chai kwa tui! Astaghfirullah!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Ernesti.

— Mvungu uko wapi hapo?

— Chini ya lundo. Mimi haya nimeyaona shambani. Msimamizi alisema mwenye matita mengi ndiye mkataji bora. Tukakata mpaka majani machanga, tukayaficha katikati ya tita, marefu nje. Matita mlima, nyuzi hamna, mkonge wenyewe unakufa, na msimamizi anagawa zawadi!

— Mwongo wewe.

— Mwongo? Blanketi ninalojifunika nimelipata wapi?

Uweso akacheka, akajipangusa kanzu. Kicheko kile kilimchoma Jaku.

— Mie nasema ana jini, — Jaku alisema. — Jini la pwani ya Ushongo. Linakula nazi usiku, linamtemea vifuu uani.

— Nazi mbovu harabu ya nzima, — Ernesti akatia lake.

— Jini langu angalau linakula, — Uweso alijibu. — Wewe moshi haujatoka jikoni kwako tangu Jumatatu, na lundo lako lapanda tu. Hivyo vifuu vinazaana?

Neno hilo lilimpata Jaku. Mtaa mzima ulijua kwamba kabla ya maneno ya Mzee Kombo, hapakuwa na mwanamume aliyepika kumshinda yeye. Mama yake alimfundisha, akamwachia mbuzi yake ya kukunia nazi. Ramadhani iliyopita alipeleka bakuli la samaki wa kupaza, waliokolea tui, kwa Mzee Kombo, na bakuli likarudi tupu na salamu za Chiku: “Mwambieni aliyelitia tui hili, Mungu amweke.” Maneno hayo Jaku aliyalalia miezi mitatu. Lakini alipochungulia ua wa Uweso, roho ikamruka. Bakuli moja litashindana vipi na mlima? Akaenda kwa Ame, akatoa mbuzi ya mama yake kuwa malipo, akarudi na gunia la vifuu. Tangu hapo anakula muhogo mkavu, anashushia maji.

— Ame, tutie kahawa, — alisema, apate kumeza uchungu.

— Ngoja, yakhe, moto unanichezea.

Wakati huo akatokea mwanamke mtu mzima, kikapu kichwani, vumbi la njia ya Pangani bado miguuni. Alikuwa Bi Tabia, dada yake Mzee Kombo, aliyeitwa kuja kupikia wageni wa posa.

— Shikamoo, Bi Tabia! — wote kwa pamoja, Uweso akizidisha sauti.

— Marahaba, wanangu. Mbuzi ya kwa kaka imeng'oka jino. Lakini nimepita uchochoroni nikaona malundo ya vifuu, nikasema alhamdulillahi, hapa sikosi. Nani ataniazima mbuzi?

Uweso akakohoa.

— Yangu… nimeiazimisha.

— Kwa nani?

Kanzu ikapanguswa tena. Bi Tabia akamgeukia Jaku. Jaku akaangalia vidole vya miguu yake.

— Basi vifuu vyote vile mmekuna kwa meno?

Hata Ernesti hakupata methali.

— Ninayo mie, Bi Tabia, — alisema Ame taratibu, — nakunia kashata.

— Wewe? Mbona kwako sikuona hata kifuu kimoja?

— Vifuu mie nachomea kahawa. Vilivyobaki nimewauzia hawa.

Bi Tabia akachukua kashata moja, akaimega, akatafuna bila haraka.

— Ichukue uje nayo wewe mwenyewe, mwanangu. Mikono yangu imechoka, na Chiku yuko peke yake jikoni.

Ame akaondoka nyuma yake. Hata hakuuliza nani atalinda dele.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Ernesti alisema.

— Funga bakuli lako! — Jaku akamkemea.

Moto wa kahawa ulikuwa umezimika. Uweso aliingia ndani kwake, hakuaga. Jaku akaenda uani, akakumbatia vifuu kifua kizima, akarudi, akavipanga chini ya dele na kuwasha. Vikashika moto vizuri. Ndipo sauti ya kukuna nazi ilipoanza kwa Mzee Kombo, kwaru, kwaru, na katikati kamlio kadogo pale ubao ulipolegea, alipoufunga mama wa Jaku kwa kamba ya katani. Jaku akachochea moto, akaisikiliza mbuzi yake mpaka nazi ikaisha.