Kikohozi Changu Ndani ya Spika

Ndugu zangu, kabla sijafika kwenye habari ya kuacha pombe, maana ndiyo iliyotukutanisha hapa, nivumilieni nianzie mbali. Nilikuwa na miaka minane hivi, kusini kule kwetu, bibi yangu akanipandisha kwenye dungu, kile kichanja cha miti, katikati ya shamba la mpunga niamie ndege. Kazi yenyewe ni kupiga kelele toka jua linatoka mpaka linazama. Mjomba wangu, mtu mvivu sana, akafunga makopo kwenye kamba ili upepo uyagonge, sisi tukalale. Siku mbili ndege wakaogopa. Siku ya tatu wanakula huku makopo yanalia. Bibi akanirudisha juu. Mjomba huyo baadaye alioa wake watatu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ninachosema ni kwamba koo langu lilifunguka kule. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nilipokuja Dar sikuwa na kitu kingine cha kuuza. Nikawa mnadi wa mitumba Kariakoo. Wengine mnanikumbuka, nasimama juu ya meza, naita mpaka jioni. Huyo jamaa anayecheka pale nyuma, suruali yake ya harusi nilimwitia mimi.

Basi asubuhi moja mwenye duka akanisogezea simu mdomoni. "Mzee wangu, hebu ita kama kawaida yako, nataka kujaribu spika mpya." Nikaita. Niliita vizuri, nawaambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nimesifiwa. Katikati nikakohoa kidogo, nikaendelea. Akanipa chai na sambusa mbili. Wiki iliyofuata akaniambia, "Mzee, sasa pumzika nyumbani, umri umekwenda." Nikamshukuru. Nilidhani ni heshima.

Siku chache baadaye nikapita kumsalimia. Nikajisikia naita kabla sijafika. Spika imefungwa juu ya mlango, naita mimi, na mimi huyo huyo niko barabarani nimebeba mwavuli. Nikakata kona, mtaa wa pili naita tena, sasa nauza ndala. Wenye maduka walikuwa wamerushiana sauti yangu kwenye simu zao. Na kila nikizunguka, kikohozi kile kile. Hata kikohozi changu kilikuwa kinafanya kazi, mimi sina kazi.

Msicheke sana. Hakuna aliyenilazimisha, na hapo ndipo paliponiuma. Nikaacha kuongea. Mtu akiniamkia namwinulia mkono. Nikawa nashinda Buguruni kwenye gongo, karibu na chumba nilichopanga, kwa sababu uchochoro ule spika haikufika. Mke wangu aliniuliza kama amenikosea. Sikumjibu. Mwaka mzima sikumjibu. Akahamia kwa binti yetu, na simlaumu, nani anaweza kuishi na kabati?

Sasa siku moja nimekaa kibarazani, muuza kahawa wa mtaani kwetu akaja na kijana mrefu, kofia nyeusi, viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuonja tope la Jangwani.

"Shikamoo babu," kijana akasema. Nikainua mkono.

"Ndiye huyu," muuza kahawa akamwambia. "Ila haongei. Ukitaka maneno rudi kwenye spika."

Kijana akakaa chini kwenye saruji na nguo zake zile. Akaniangalia. "Basi kohoa," akasema.

Ndugu zangu, nilicheka, na kicheko kikanipalia, nikakohoa kweli. Akajipiga paja. "Ni yeye."

Akanieleza kwa Kiswahili cha kufundishwa na mama jikoni. Amezaliwa London. Mama yake alizaliwa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, akaenda kule akiwa msichana. Yeye anaimba, ila si kuimba, ni kusema maneno mbio mbio juu ya mdundo mzito, muziki wao wanauita graimu. "Mama akinigombeza anatumia pumzi moja kuanzia mlangoni mpaka chumbani," akasema. "Mimi nilifikiri kasi yangu nimeitoa mitaa ya London. Juzi nimefika Kariakoo, nikasikia spika, nikasimama katikati ya barabara. Ni pumzi ile ile ya mama yangu. Nimeifuata duka mpaka duka. Mashine haikohoi, nikajua kuna mtu."

Nikamuuliza, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa mgeni toka nilipofunga mdomo, "Unatafuta nini kwenye huo muziki?"

"Kila kitu," akajibu bila aibu. "Nataka nijaze ukumbi mkubwa kuliko wote kwetu. Wakubwa wa muziki wananiambia nilegeze ulimi, niongee kama wao, ndiyo nitafika. Nimekataa. Nikifika nikiwa mtu mwingine, atakuwa amefika huyo mwingine."

"Na sauti yako ikishawekwa kwenye mashine, haikunyang'anyi kazi?"

"Rekodi inawaita watu waje, babu. Wakija wakute mtu. Wewe umewaita mwaka mzima, halafu umejificha Buguruni."

Mimi mzee wa miaka sabini, na kijana mwenye ndevu tatu ananiambia hivyo. Siku ile gongo lilinibakia kwenye kikombe, sikulimaliza.

Asubuhi akanipitia, tukaenda kwa yule mwenye duka. Kijana akamwomba azime spika dakika tano.

"Huyo mzee betri imeisha," mwenye duka akasema, wapagazi wakacheka. Lakini akazima.

Nikapanda mezani. Nikajua nikishuka hapo sitaongea tena mpaka nizikwe. Akapita mama kabeba mtoto mgongoni, mguu mmoja una soksi.

"Mama," nikasema, sauti inakwaruza, "soksi ya pili kavaa baba yake?"

Akashika mguu wa mtoto. "Jamani, ilikuwepo."

"Basi ameiacha kwangu akusubiri. Sogea uchague." Watu wakacheka, akasogea. Spika haijui habari za soksi. Nikamwona wa pili, wa tatu, kila mmoja na neno lake. Ndipo kijana akapanda pembeni yangu, akaingia na Kiingereza chake, anagonga meza kwa kiganja. Sikuelewa hata neno moja. Lakini alikuwa anavuta pumzi pale pale ninapovuta mimi, na mimi sikumfundisha. Nywele zilinisimama. Mpaka leo nikikumbuka zinasimama.

Toka siku ile gongo sijaonja. Naita kila Jumamosi, na spika huzimwa. Nawashukuru nyinyi mlionishika wiki zile za kutetemeka, yule muuza kahawa, na mke wangu, aliyekuja akasimama ng'ambo ya barabara akasema, "Kumbe unaongea," akarudi nyumbani kwetu. Na la kuwaachia ni hili: ukiona kitu chako kinatembea bila wewe, usikikimbie. Kifuate, usimame karibu nacho, watu wamwone mwenyewe.

Yule kijana nilitaka nimlete mbele yenu leo. Siku ile pale mezani, watu wamejaa, aliniwekea mkono begani. "Babu, sasa ni wewe," akasema. Akashuka, akatembea kuelekea Mtaa wa Msimbazi, taratibu, kofia nyeusi ikazama kwenye vichwa vya watu. Nilidhani amefuata maji. Nilitaka kumwita, na koo lilikuwa wazi kabisa, lakini mteja alikuwa mbele yangu ameshika shati, anangoja neno. Nikamwitia mteja. Kijana hakurudi.